Chupa Isiyo na Jina

Mjukuu wangu, kile kikopo ulichosahau hapa Jumapili bado kiko mezani kando ya miwani yangu. Sikukitupa, kwa maana nilitaka kwanza nikisome, na nimekisoma asubuhi mbili, kwa kuwa macho haya siku hizi hayaoni herufi ndogo mpaka jua la saa nne liingie dirishani. Sasa nimemaliza na nina la kusema. Najua utasema guka ameanza tena. Ni kweli, nimeanza tena. Miaka 37 nilikuwa bwana afya, kutoka Siakago hadi Maua, na kazi ya bwana afya ni kuwaambia watu walewale neno lilelile mpaka sauti ikauke. Nimechoka, sikufichi. Lakini wewe umefungua duka la vipodozi na sabuni pale Makutano, Meru, umebeba jina la marehemu mke wangu, na wanawake wanaoingia dukani kwako hawasomi maandishi ya nyuma ya kopo. Wanasoma uso wako. Kwa hiyo nivumilie, mama.

Kikopo chenyewe kinaenea kiganjani. Ni cheupe, kifuniko chake cha rangi ya waridi, na mbele kuna picha ya msichana aliyeng'aa kama sahani ya kauri. Waswahili wa pwani husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na huo mkakasi wao ulikuwa kijaluba kama hiki hiki, cha kutilia manukato. Nikakigeuza. Nyuma, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu husoma, kuna mstari mmoja wa Kiingereza unaosema krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini wala mpira. Mstari huo ndio ulionikosesha usingizi.

Hebu jiulize, mafuta ya kupaka usoni yana ugomvi gani na pete ya ndoa? Mama yangu alijipaka mafuta ya mbarika maisha yake yote na bangili zake hazikuwahi kudhurika. Kitu chenye ugomvi na dhahabu ni zebaki. Zebaki ikikutana na dhahabu huishika na kujichanganya nayo, ndiyo maana wachimbaji wadogo wa Migori huitumia kukusanya chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga. Shirika la Afya Duniani limetuonya kwamba maneno kama hayo kwenye kopo ni dalili ya zebaki hata kama zebaki yenyewe haikutajwa. Ikitajwa, huandikwa kwa majina mengi: mercury, Hg, calomel, mercurio. Na makopo mengine hayasemi chochote.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana ukijua jambo kwa undani wake hutahitaji kuamrishwa. Ngozi yetu ina chembe zinazotengeneza rangi, na zebaki huzizuia kufanya kazi yake. Ngozi ya juu ikipukutika, inayotoka chini yake inakuja bila rangi, na mwenye kujipaka anafurahi kwamba krimu imeshika. Lakini zebaki haibaki juu ya ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu, na inashukia figo. Figo ni chujio. Chujio likiharibika, protini ya mwili inapotea kwenye mkojo, mkojo unatoka na povu kama wa sabuni, na mtu anaamka asubuhi kope zimevimba na viatu vimembana. Mwanamke wa namna hiyo hudhani amekula chumvi nyingi. Hamwambii daktari juu ya krimu, kwa sababu haoni uhusiano wa uso na figo, na pengine anaona haya. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1972, mimi nikiwa mvulana wa sekondari, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari za watu wazima 60 waliotibiwa ugonjwa huo wa figo katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka krimu za zebaki za kung'arisha ngozi. Wako waliopona baada ya kuziacha. Tazama basi: ushahidi ulipatikana hapa kwetu, katika miili ya dada na mama zetu, na bado miaka zaidi ya 50 baadaye mimi nashika kikopo kilekile mezani pangu.

Ulaya walikataza zebaki katika vipodozi vyao mwaka 1976. Lakini kwa miaka mingi baadaye kulikuwa na viwanda hukohuko vilivyoendelea kutengeneza sabuni za zebaki, si za kuoga wao, ni za kutuuzia sisi. Jambo hilo huniuma mpaka leo. Serikali yetu nayo ilitangaza marufuku Agosti 1998, ya sabuni na krimu zenye zebaki na zenye hidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi. Nakumbuka orodha ilivyofika ofisini. Niliibandika ukutani, nikatengeneza nakala, nikazunguka nayo Nkubu, Gakoromone, Runyenjes na soko la mji wa Embu, mkono mmoja orodha na mwingine Sura ya 254, sheria ya vyakula, dawa na kemikali. Tulikamata makatoni, tukayachoma. Kabla mwaka haujaisha nikayaona mengine, yamepangwa nyuma ya mafuta ya kawaida. Baadaye dunia nzima ikaweka mkataba, ukapewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki, na mwaka 1956 madaktari wakaanza kuona watoto wasioweza kutembea wala kusema sawasawa. Kenya ilitia saini mkataba huo mwaka 2013. Sheria zipo, mjukuu wangu. Kinachokosekana ni mtu wa dukani kukataa kuuza.

Najua utaniambia hii ni moja tu, nyingine unazouza hazina zebaki. Huenda. Ila ule mkorogo ulio kwenye mkebe wa mafuta ya mgando, ule unaosema unachanganyiwa na rafiki yako wa Meru mjini, una nini ndani? Ulipoulizwa hapa mbele ya shangazi zako ulisema, "Ni vitu vizuri, guka." Vitu vizuri vina majina. Mara nyingi mkorogo ni hidrokwinoni iliyochanganywa na steroidi, ile dawa ya kutuliza ukurutu ambayo daktari humpa mgonjwa bomba dogo, ajipake kwa siku chache, mahali padogo. Mtu akijipaka mwili mzima, miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Inachanika mistari. Jeraha dogo halifungi. Na hidrokwinoni inapozoeleka huwasaliti wanaojipaka, kwani mashavu na kuzunguka macho hugeuka rangi ya samawati iliyoiva, rangi ya jivu la makaa, na hiyo haitoki. Madaktari wa Afrika Kusini waliieleza hali hiyo tangu mwaka 1975.

Kulikuwa na mama mmoja, muuza mitumba Gakoromone. Siku moja akinirudishia chenji niliiona mikono yake: nyama ya mkono rangi ya chungwa, vifundo vya vidole vyeusi ti. Vifundo havikubali krimu. Watu walikuwa wakimcheka kwa lile neno la mtaani, uso Fanta, miguu Coca-Cola, nami sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimemjua tangu akiwa msichana mweusi mzuri wa kuimba kanisani. Nilimwuliza taratibu. Akaniambia amefanyiwa upasuaji wa kujifungua na mshono hautaki kushikana, wiki ya tano. Akaniambia pia kwamba alianza kwa sababu mume wake alimsifu jirani mwenye rangi ya maji ya kunde. Ndiyo hivyo tu. Neno moja la mume mezani.

Na mtoto wake alikuwa mgongoni. Hapo ndipo nilipotaka kupiga magoti nimsihi. Krimu ya mama iko shingoni, mtoto analaza shavu pale. Iko kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye chuchu. Zebaki ya mmoja ni zebaki ya nyumba nzima, na aliye tumboni naye imemfikia kabla hajapewa jina.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa duka lako, ule wa mitungi ya bluu, maana huko ndiko ninakokuogopea zaidi. Unauza sabuni ya maji ya kupima, na Jik, ile dawa ya klorini ya kusafishia, nayo ya kupima, bei ya kadogo. Sikulaumu kwa hilo. Mtu mwenye shilingi ishirini naye ana choo cha kusafisha. Lakini nimeona unavyopima. Mteja anakuja na chupa yake, na chupa yake ni ya soda.

Mwaka 2006 niliitwa kijiji kimoja karibu na Runyenjes. Mama wa pale alikuwa amejifunza kupika sabuni, kazi ya heshima, anauzia majirani. Maji yake ya kostiki soda aliyaweka kwenye chupa ya soda ya machungwa, chini ya kitanda, mbali na watoto, alivyodhani. Mvulana wake wa miaka minne alitoka kucheza na kiu. Alikunywa funda moja. Nilipofika alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali, na kilichobaki pale sakafuni ilikuwa chupa yenyewe, imelala kwa ubavu, na chini yake sakafu ya simenti imefanya doa jeupe lililoinuka ngozi. Mtoto aliishi. Ila koo liliungua, likapona kwa kovu, kovu likaliziba, na kwa muda mrefu alilishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni. Mwaka mzima nilikuwa nikipita pale kumwangalia. Mama yake hakuwahi kunilaumu wala kujilaumu kwa sauti. Kila nilipofika alirudia maneno yale yale: "Chupa ilikuwa ya soda, daktari. Yeye aliona soda."

Mtoto hakukosea, mama. Alisoma chupa kama tulivyomfundisha kuisoma.

Na wewe usidhani watu wazima wana akili zaidi ya yule mtoto. Mei 2014, ulikuwa kidato cha pili, unakumbuka mji wa Embu ulivyolia. Watu walikunywa pombe iliyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani ambayo huyeyushia rangi na kusafishia vyuma. Haina rangi, na harufu yake haitofautiani sana na ya pombe nyingine. Wengine walianza kuuliza mbona taa zimezimwa mchana, kumbe ni macho yaliyozimika. Makumi walikufa katika kaunti kadhaa, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoumizwa zaidi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Tulizunguka kukusanya vyombo tupeleke maabara, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina. Madumu ya mafuta ya kupikia, chupa za maji, jagi la plastiki. Kemikali ambayo kiwandani ilikuwa imeandikwa jina lake na alama ya fuvu, ilimwagwa kutoka chombo hadi chombo, na jina likabaki kwenye chombo cha kwanza.

Ndiyo maana nasema neno langu ni moja tu, ijapokuwa nalizungusha. Sumu nyingi za nyumbani kwetu zilikuwa na jina zilipoanza safari. Jina ndilo lililopotea njiani, kwa mchuuzi, kwa rafiki wa kuchanganya, kwa mama aliyekosa chupa nyingine. Wewe umesimama mahali hasa ambapo majina hupotea.

Usinisikie kama mtu anayechukia kemikali. Nimepambana na kipindupindu, na aliyepambana na kipindupindu hawezi kuitukana klorini. Jik ya dukani ina nguvu ya asilimia 3.5, na tulifundishwa kipimo chake hospitalini: sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, kwa kufutia damu na matapishi. Kipimo hicho kina maana kama unajua ulichoanza nacho. Ile ya mtungi wako inawezekana imezimuliwa mara mbili kabla haijakufikia, au ni klorini kali ya bwawa la kuogelea iliyotiwa maji kwa kukisia. Tena jua huiua. Mtungi ulioachwa barazani wiki nzima unauza maji yenye harufu.

Jambo baya zaidi ni pale mteja anapochanganya. Anamwaga dawa ya choo, ambayo ni tindikali, anaona doa halitoki, anaongeza Jik juu yake ili iwe na nguvu maradufu. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa ya klorini, ya kijani na manjano, nzito, inayotambaa chini. Ndiyo hewa Wajerumani waliyowapulizia maadui zao kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Na choo chetu cha futi nne kwa futi nne, dirisha la tofali moja, hakina mahali pa kukimbilia. Mtu anakohoa, kifua kinabana, anadhani ni pumu. Kwa hiyo mteja akinunua vyote viwili kwa pamoja, usimpe kwanza na kumwonya baadaye. Mwambie kabla hajalipa: kimoja leo, kioshwe kabisa, kingine siku nyingine. Itakuchukua dakika moja.

Kuhusu sabuni ya maji unayopika mwenyewe, hapo nina furaha nawe, kwa sababu ulinionyesha daftari. Tindikali ya salfoniki, soda ya kuizima, ungarol ya povu, chumvi ya kuifanya nzito. Lakini sikuona karatasi za kupimia ukali. Soda ikizidi, mikono ya dobi itachubuka, na atadhani ni baridi. Karatasi hizo ni za bei ndogo, zinauzwa na wenye maduka ya kemikali hao hao wanaokuuzia soda, na sabuni ya mikono isipite alama ya tisa. Ile formalini unayotia isioze, punguza mpaka iishe. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliitangaza formaldehidi, ndiyo iliyomo kwenye formalini, kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu mwaka 2004, na wewe ndiye unayeinama juu ya pipa kila wiki, si mteja. Pika kidogo, uza upesi, haitaoza. Na usipikie jikoni kwenye sufuria ya githeri.

Juu ya dawa za nywele sitasema mengi, kwa kuwa wewe mwenyewe umeziacha na nywele zako sasa zinafanana na za nyanya yako. Waambie tu wateja wako lililosemwa Oktoba 2022 na watafiti wa Marekani waliowafuata wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kati ya wale ambao hawakulainisha nywele kwa dawa, ilikadiriwa kwamba chini ya wawili katika kila mia wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliolainisha mara nyingi, zaidi ya mara nne kwa mwaka, ilikuwa wanne katika kila mia. Wengi hawataugua, na utafiti huo haukusema kila mwenye kulainisha amejichimbia kaburi. Mwenye nywele achague akijua. Ila yule msichana wa miaka sita anayeletwa saluni kabla ya Krismasi, kichwa kinaungua, analia, na mama anasema vumilia mrembo, huyo hakuchagua lolote. Mkatalie mama huyo. Mpoteze kama mteja.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni la kwetu sisi wakulima, na limenichosha kuliko yote. Dawa ya kupe. Mtu ana ng'ombe wawili, amebakiza dawa ya kuwaogeshea, nyumbani kuna kunguni, basi anaipuliza kwenye godoro la watoto. Mwingine mtoto wake ana chawa, anamwosha nayo kichwani. Nimeyaona Mbeere na nimeyaona Tigania. Dawa ile ilipimwa kwa ngozi ya ng'ombe wa kilo mia tatu anayesimama nje kwenye upepo. Na zile chupa za dawa ya kupulizia miraa, kahawa na nyanya, zenye vifuniko vizuri, ndizo utazikuta zimewekwa maziwa au mafuta ya taa. Chupa hiyo haioshwi ikawa safi. Isuuzwe mara tatu, maji hayo yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha itobolewe isitumike tena. Wakija kununua sabuni na chupa kama hiyo mkononi, usiijaze.

Na kwa kuwa ajali haitangoja tumalize kuelewana, shika haya. Mtoto akinywa Jik, kostiki au mafuta ya taa, asitapishwe. Kilichomchoma kikishuka kitamchoma tena kikipanda, na mafuta ya taa yakitapikwa huingia mapafuni, ndiyo yanayoua. Asilazimishwe kunywa maziwa lita nzima kama tulivyozoea. Asukutue mdomo, akimbizwe hospitali, na chupa iende pamoja naye hata kama haina jina, daktari ainuse na kuipima. Kikiingia jicho, maji safi yanayotiririka, robo saa nzima kwa saa, si kwa makisio, ndipo safari ianze.

Wapo watakaokuja kwako na jibu rahisi, kwamba turudi kwa vitu vya asili. Mimi mwenyewe nimemtaja mama yangu na mafuta ya mbarika. Lakini hayo mafuta yaliandaliwa na watu waliojua kwamba mbegu ya mbarika mbichi humuua mtoto. Wanja wa macho, ule wa jiwe uletwao na wafanyabiashara, mara nyingine huwa na risasi ndani yake, na risasi hudumaza akili za watoto. Piko wanayochorea maharusi ni rangi ya nywele, na imewapasua wengine malengelenge. Asili haimaanishi salama, kama vile kiwanda hakimaanishi sumu. Tuna mafuta ya makadamia yanayokamuliwa hapahapa Embu na Meru, tuna parachichi, na mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato hayajamdhuru mtu ninayemjua. Majivu bado yanang'arisha sufuria. Anza na hayo, na uyaandike majina.

Basi fanya hivi, maana sitaki ufunge duka. Nunua chupa mpya, zile nyeupe zisizofanana na za kunywea, umuuzie mteja chupa mara ya kwanza na mara zinazofuata ajazie hiyohiyo. Bandika karatasi: jina la kilichomo, kwa Kiswahili na kwa Kimeru, tarehe, jina lako na nambari yako ya simu. Ukiona aibu kuandika jina lako juu ya kitu, hicho usikiuze. Kwa bidhaa za katoni, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari iliyo chini yake, kwa kuwa alama peke yake hughushiwa. Andika kwenye simu SM, kisha alama ya #, kisha nambari ile, utume kwa 20023, nao watakujibu ni ya nani na ya bidhaa gani. Jibu lisipolingana na kopo, rudisha katoni. Utapata hasara mwezi wa kwanza. Nitakusaidia kodi ya mwezi huo kutoka kwenye pensheni yangu, nimekwisha zungumza na baba yako.

Hiki kikopo sitakitupa chooni, maana choo chetu kiko juu na mto Rupingazi uko chini. Nimekifunga kwa karatasi, nikaandika nje kwa wino mwekundu, na Jumatatu nitakipeleka ofisi ya afya ya umma, kwa vijana niliowafundisha kazi. Wataniuliza vingine viko wapi. Jumapili ukija, njoo na katoni yote.